Usyk, Inoue au Crawford: nani bora bila kujali uzito?

KonaNyekundu (Dar es Salaam)

Wakuu, heri ya mwaka mpya 2026. Mwaka jana umeisha lakini ubishi wake wa masumbwi haujaisha, basi naumwaga hapa.

Mmarekani Terence Crawford katundika glavu Desemba 16: mapambano 42, ushindi 42, KO (kumaliza pambano kabla ya muda) 31. Mjapani Naoya Inoue kafunga mwaka Riyadh Desemba 27 kwa kumshinda Alan Picasso kwa pointi. Mukreni Oleksandr Usyk, wa uzito wa juu, hajapanda ulingoni tangu Julai 19, siku aliyomlaza Daniel Dubois raundi ya tano pale Wembley. Hakuna kati yao aliyewahi kupoteza. Na kwa upande wa wanaume, ni hao watatu tu waliowahi kukusanya mikanda yote minne ya vyama vikuu vya dunia, WBC, WBA, IBF na WBO, katika uzito zaidi ya mmoja.

Nani wa kwanza?

Mimi namweka Usyk, na sababu yangu si wingi wa mikanda. Angalieni alikokwenda kuitafuta. Marco Huck kampiga Berlin. Mairis Briedis kampiga Riga, kwao. Murat Gassiev kampiga Moscow, Julai 2018, Mukreni anaondoka Moscow na mikanda yote minne huku vita ya mashariki mwa Ukreni ikiwa tayari na miaka minne. Tony Bellew kalala Manchester. Anthony Joshua kapokwa mikanda London 2021. Dubois naye London. Huyu mtu amefanya kazi yake kubwa sebuleni kwa watu.

Mnaojua masumbwi mnajua maana ya ugenini. Mwenyeji ana mashabiki, ana promota, na mara nyingi ana raundi mbili mfukoni kabla kengele haijalia. Inoue ni fundi, sikatai, ila ushindi wake mwingi ni Tokyo, Yokohama, Nagoya.

mwanaTanga

Mkuu, habari za ngumi za ugenini utatufundisha sisi wa Tanga? Septemba 8, 2018 Hassan Mwakinyo wetu alimfuata Sam Eggington Birmingham, raundi ya pili mwamuzi akakatisha. Hakuna jaji aliyeombwa maoni yake siku ile. Ila ukishika kipimo hicho kishike chote: Septemba 2022 akaenda Liverpool kwa Liam Smith, ikaishia raundi ya nne, na safari hii si kwa faida yetu.

Kura yangu ni Crawford. Unasema ugenini? Mkanda wake wa kwanza wa dunia aliufuata Glasgow Machi 2014, mbele ya Ricky Burns na Waskoti wake. Halafu Canelo Álvarez wa Mexico, Septemba mwaka jana. Las Vegas, wikiendi ya sikukuu ya uhuru wa Mexico, uwanja una watu zaidi ya 70,000, wengi wao wamekuja na bendera ya kijani, nyeupe na nyekundu. Crawford, kijana wa Omaha, pale alikuwa mgeni kama alivyokuwa Glasgow.

Na uzito je? Mikanda yote minne kaibeba kwenye kilo 63 na nusu, akaibeba kwenye kilo 66.7, akaibeba kwenye kilo 76. Madaraja matatu. Hakuna mwanaume mwingine aliyefanya hivyo tangu mikanda iwe minne.

NdondiKisumu

Salamu kutoka ziwani. Naona Watanzania mmeanza bila sisi.

Ushindi wa ugenini kwa KO ni rahisi kuujadili. Mgumu ni ule wa pointi. Fatuma Zarika alitoka Kenya mwaka 2016 akaenda Flint, Michigan, akamnyang'anya Alicia Ashley mkanda wa WBC kwa majaji waliogawanyika. Mkenya, Marekani, kadi zinasomwa, na bado mkono wake ukainuliwa. Hilo naliheshimu kuliko KO kumi.

Sasa turudi kwa Usyk wenu. Pambano la kwanza na Mwingereza Tyson Fury, Mei 18, 2024, kadi za majaji zilikuwa 115-112 na 114-113 kwa Usyk, 114-113 kwa Fury. Kumbukeni raundi ya tisa: Fury ananing'inia kwenye kamba, mwamuzi Mark Nelson anamhesabia. Ile hesabu ilikuwa na thamani ya pointi moja. Iondoe, kadi moja inakuwa 114-114, na pambano zima linaisha sare. Yaani ubingwa wa uzani wa juu usiopingika ulikaa kwenye vidole vya mwamuzi mmoja.

Na sijataja Wrocław, Poland, 2023, pale Dubois alipompiga tumboni raundi ya tano, mwamuzi akasema ni chini ya mkanda wa bukta, Usyk akapewa muda wa kuvuta pumzi. Mimi nimeirudia video ile hadi mke wangu amenihamisha chumba. Sijaridhika mpaka leo.

Bi_Glavu

Ndugu wa Kisumu, Fury alihesabiwa kwa sababu alikuwa amesimamishwa na kamba. Bila kamba angekuwa chini. Sheria inasema hivyo, na mwamuzi alikuwa karibu kuliko wewe na video yako.

Ila kura yangu haiendi kwa Usyk. Ninafundisha vijana ngumi jioni, na nikitaka kuwaonyesha kila kitu kwa mtu mmoja, nawawekea Inoue.

Kwanza niweke sawa hilo la KonaNyekundu kwamba Inoue ni bingwa wa kwao. Mei 2019 alikuwa Glasgow, hukohuko alikoanzia Crawford. Emmanuel Rodríguez wa Puerto Rico, bingwa wa IBF asiyepoteza, kaangushwa mara tatu raundi ya pili, kwisha. Baada ya hapo Las Vegas mara kadhaa, na juzi Riyadh. Watu wanamfuata Japani kwa sababu pesa za uzito mdogo ziko Japani. Huyo si mwoga wa kusafiri.

Pili, kuanguka. Mei 2024, Tokyo Dome, raundi ya kwanza, Luis Nery kamwangusha kwa ngumi ya kushoto ya kuzungusha. Mara ya kwanza maishani mwake. Wengi wakiangushwa hivyo wanaruka juu haraka kuonyesha wako sawa, na hapo ndipo wanapomalizwa. Inoue alibaki na goti chini, akasikiliza hesabu mpaka nane, akasimama. Raundi ya pili akamwangusha Nery, ya sita akamzima. Mwaka mmoja baadaye Ramón Cárdenas kamwangusha tena Las Vegas, raundi ya pili, kushoto ileile. Raundi ya nane mwamuzi akamwokoa Cárdenas.

Mtasema ana kasoro, anaachia kidevu akishambulia. Kweli anayo. Lakini angalieni alichofanya Septemba kwa Murodjon Akhmadaliev, mtu hatari, mkono wa kushoto, medali ya Olimpiki. Watu walingoja vita. Inoue akarudi nyuma, akacheza kwa miguu raundi kumi na mbili, akapiga na kutoka, 118-110 mara mbili na 117-111. Alijirekebisha ndani ya miezi minne. Na mwaka 2025 amepigana mara nne akiwa bingwa wa mikanda yote. Usyk amepigana mara ngapi? Moja.

JabaliLaMwanza

Mandonga Mtu Kazi mnamweka namba ngapi? Naye alishinda ugenini, alimpiga Mkenya Nairobi 2023, na ngumi yake aliyoiita Sugunyo.

NdondiKisumu

Jabali, usitukumbushe. Jeraha halijapona.

MaskatiUsiku

Nawasoma nikiwa Maskati. Jumapili ile ya Septemba 14 niliwaona wawili kati ya hawa watatu siku moja: Crawford asubuhi, Inoue alasiri. Ukiwatazama hivyo, mmoja baada ya mwingine, unaona kitu ambacho rekodi haikwambii.

Crawford hakuwa na haraka hata kidogo. Raundi za mwanzo alikuwa anamsoma Canelo, anabadili mkono, anampa nafasi ndogo kisha anaiziba. Kufika raundi ya tisa Canelo alikuwa anarusha ngumi moja moja tu, kama aliyechoka kubahatisha. Kadi zikasema 116-112 na 115-113 mbili. Mimi niliona pana zaidi ya hapo. Inoue alasiri alikuwa mtu wa kasi, na kila alipogusa unasikia hata kwenye televisheni.

Nampa Crawford, kwa nywele moja. Kinachoniudhi ni kwamba ameondoka. WBC walikwisha kumvua mkanda wao mapema Desemba kwa ugomvi wa ada, wiki mbili baadaye mwenyewe akaaga. Bingwa anapanda madaraja mawili, anampiga Canelo, halafu miezi mitatu baadaye anagombana na ofisi juu ya risiti. Nisingekaa pia.

KonaNyekundu (Dar es Salaam)

Nimewasikia wote. Dada Bi_Glavu, la Glasgow limefika.

NdondiKisumu, kama pambano la kwanza na Fury lina shaka, kwa nini unaruka la pili? Desemba 21, 2024, majaji watatu, kadi tatu, zote 116-112. Fury alikuja na kilo 127, Usyk hakufika 103. Hiyo ni tofauti ya nusu mfuko wa saruji. mwanaTanga anamsifu Crawford kwa kupanda kilo sita, kutoka karibu 70, kumfuata Canelo, na kweli ni ujasiri, ila siku ya kupima uzito wote wawili wanasimama kwenye mzani uleule. Uzito wa juu hauna mzani wa kumlinda mdogo. Usyk anampa mtu kilo 25 na sentimita nyingi za mkono, kisha anakaa mbele yake raundi 12.

Na Wrocław ilijibiwa Wembley. Raundi tano, ngumi ya kushoto, hakuna bukta iliyohusika.

La kupigana mara moja kwa mwaka, hapo mmenibana. Novemba ameachia mkanda wa WBO, umekwenda kwa Fabio Wardley ambaye Oktoba alimsimamisha Joseph Parker raundi ya 11. Sasa Agit Kabayel yuko foleni ya WBC na Januari 10 anapigana na Damian Knyba kule Oberhausen. Kabayel ni mpiga mwili, mtu wa kukusogelea na kukukata pumzi mbavuni. Usyk anatimiza miaka 39 mwezi huu. Hilo ndilo pambano ninalolitaka, na ndilo ninaloliogopa.

mwanaTanga

Kabayel amlize Knyba kwanza. Mimi nitakuwa macho Februari 1 alfajiri kwa Teófimo López na Shakur Stevenson, New York. Crawford ameacha kiti, Stevenson anadhani ni chake. Mtu hagusiki, lakini anakufanya usinzie. López akiwa na siku yake nzuri anampiga yeyote, akiwa na siku yake mbaya anapigwa na yeyote. Naweka Stevenson kwa pointi.

NdondiKisumu

Stevenson kwa pointi, tumekubaliana kitu hatimaye. Na hilo pambano la Joshua na Fury ambalo Waingereza wamelipigia debe, naomba tuliache. Desemba 29 Joshua alipata ajali ya gari Nigeria, amezika marafiki wawili. Akirudi atarudi.

Bi_Glavu

Pole kwake na kwa familia.

Mimi nangoja Inoue na Junto Nakatani. Linatajwa Tokyo, mwezi Mei. Nakatani ni mrefu, wa mkono wa kushoto, hajapoteza, na ngumi yake ya kutokea chini ni kitu kibaya sana. Ila Desemba 27 Sebastián Hernández alimsumbua hadi mwisho, majaji wawili walimpa Nakatani 115-113 tu. Aliyekuwa anamfuata bila kuchoka alimkosesha nafasi ya kunyoosha mikono. Inoue alikuwa palepale Riyadh, usiku uleule, na hakuna anayesoma mpinzani vizuri kama yeye. Inoue, kabla ya raundi ya kumi.

KonaNyekundu (Dar es Salaam)

Basi orodha yangu ya leo ni Usyk, Crawford, Inoue. Inoue akimzima Nakatani ninampandisha juu ya Crawford.

Bi_Glavu

Juu ya Crawford pekee? Mkuu, jiandae kuandika upya yote.

JabaliLaMwanza

Kwa hiyo Mandonga namba nne.