Linux Mint inakubali nywila halafu inanirudisha palepale, msaada wakuu

mpigapicha_mbagala: Wakuu habari za mchana. Nina laptopu ya mtumba nilinunua Kariakoo, RAM GB 4, SSD GB 120, niliweka Linux Mint ya Xfce (ile desktopu nyepesi) baada ya Windows 10 kukatiwa apdeti Oktoba 2025 na kusema ukweli ilikuwa inateleza tu. Sasa tangu jana naandika nywila, skrini inakuwa nyeusi kidogo halafu narudishwa kwenye nywila tena, na siyo kwamba nakosea maana nikikosea inaniambia. Humo kuna video za harusi ya mteja, zikipotea nahama mji. Nipige chini nianze upya?

baba_wawili: Rudi Windows ule ugali kwa amani 😂

fundi_ilala: Usipige chini chochote mkuu. Diski imejaa hiyo, desktopu ikiwaka inataka iandike vifaili vyake, ikikosa nafasi inakutupa nje. Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia kwa maandishi (nywila haitaonekana hata nyota, we andika tu), kisha df -h uone nafasi ya diski. Soma mstari wenye / peke yake.

mpigapicha_mbagala: 100%!! Ila mbona video zenyewe ni GB 45 tu?

fundi_ilala: Timeshift (ile programu ya kupiga snapshoti, yaani nakala za mfumo) uliiambia ibebe na home, folda la mafaili yako?

mpigapicha_mbagala: Ndio, si ndo bakapu?

fundi_ilala: Ndo mchawi wako huyo. Timeshift kazi yake ni kurudisha mfumo apdeti ikizingua, yenyewe home huwa inaiacha, wewe ukaiingiza, sasa 45 imekuwa 90 humohumo. Andika sudo timeshift --delete-all. Zifute snapshoti zote, maana faili lisilobadilika snapshoti zote zinashea nakala moja, ukifuta moja unaweza usione nafasi yoyote. Halafu sudo apt clean, itafuta vifurushi vya programu vilivyodaunilodiwa. Usiguse folda la Timeshift kwa rm (amri ya kufuta) tafadhali. Ukishaingia, kwenye Timeshift toa home, bakisha snapshoti 2.

mama_ntilie_wa_kodi: Na nakala ya diski hiyohiyo si bakapu jamani, SSD ikifa vinakufa vyote, mimi nilizika picha za send-off ya mdogo wangu hivyohivyo. Kama unatumia Flatpak (njia nyingine ya kuweka programu) pia piga flatpak uninstall --unused.

mpigapicha_mbagala: IMEINGIA!! Video zote zipo. Fundi soda yako ipo. Bibi harusi anakuja kesho saa 4, ngoja niwahi Kariakoo nikachukue diski ya ekstenali kabla hawajafunga.