Naomba ushauri: mbao za bei nafuu za kujifunzia kuunda gitaa

Freti_ya_Saba
Wakuu, habari zenu. Nataka kujifunza kuunda gitaa la nyuzi sita, lile lenye tumbo, si la umeme. Video nimetazama mpaka macho yanawasha, na kila fundi anaanza na sprusi, mbao nyepesi ya jamii ya misonobari, iliyokaushwa miaka na miaka. Mimi ndio kwanza naanza, gitaa la kwanza najua nitaliharibu, na sitaki kuharibu mbao ya gharama. Mbao za kujifunzia mnazitoa wapi? Na swali dogo la pembeni: mbao za samani kuukuu, au za ala kuukuu, zinafaa? Natanguliza shukrani.

Mzee wa Maranda
Karibu kwenye vumbi. Jua kwanza kwamba sehemu za gitaa hazina uzito sawa. Uso, yaani ubao wa mbele wenye tundu, ndio unaoimba. Mwaka 1862 Antonio de Torres, fundi wa Hispania, aliunda gitaa lenye mgongo na mbavu (zile pande zilizokunjwa) za makaratasi mazito, uso akauweka wa sprusi, ili kuonyesha sauti inatoka wapi. Lipo hadi leo kwenye makumbusho ya muziki Barcelona. Kwa hiyo mgongo na mbavu weka plaiwudi nyembamba, ya milimita 2 au 3, wala usione haya.

Uso tafuta kwenye rundo la mbao za kuezekea. Paini au saipresi, isiyo na vifundo, yenye pete za ukuaji za karibukaribu. Tazama kichwa cha ubao: pete zisimame wima kama meno ya kitana, zisilale kama mawimbi. Rundo zima linaweza kukupa ubao mmoja tu, lakini huo mmoja muuzaji anakuuzia kwa bei ya ndugu zake. Ukiufikisha nyumbani, uwekee vijiti chini hewa ipite, upime kwenye mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka ndipo uupeleke kwenye msumeno.

Mpiga Besi
Kaka, achana na tumbo. Anza na la umeme. Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen, alianza kuunda lake na baba yake mwaka 1963, shingo ikatoka kwenye mbao ya rafu ya juu ya mahali pa moto, alama za shingoni ni vifungo vya nguo. Gitaa hilohilo amezunguka nalo dunia. Huna mbavu za kukunja, huna machozi.

Freti_ya_Saba
Asante mkuu, ila la tumbo nimeshaamua. Mzee wa Maranda, shikamoo. Ubao wa kuezekea nimeuelewa, lakini si bora mbao iliyokwisha kukauka miaka 40 au 50? Klempu za kubania mbao sina hata moja, kwa hiyo nataka kitu kisichonisumbua kujipinda.

Sita kwa Sita
Paleti, yale majukwaa ya mbao ya kupangia mizigo. Za bure, zimejaa nyuma ya maghala. Kampuni ya Taylor ya Marekani iliunda gitaa la mbao za paleti mwaka 1995 na watu wakashangaa lilivyolia. Angalia mhuri tu: HT maana yake imepashwa joto, hiyo chukua. MB imefukizwa kwa methili bromidi, sumu ya wadudu, hiyo iache ilipo.

Na upitishe sumaku kila upande. Mimi sikupitisha. Nikawa narandia, maranda yanatoka marefu kama utepe, najiona fundi, mara "kach!" Msumari uliokatikia ndani. Kisu cha randa kikatoka na pengo la upana wa kucha. Nusu saa nanoa, nusu saa nyingine nanoa tena kwa sababu hasira zilinifanya ninoe upande mmoja.

Mama Patasi
Ndugu mleta mada, "ala kuukuu" ni ala gani?

Freti_ya_Saba
Nilitoa mfano tu dada.

Mama Patasi
Mtu hatoi mfano na umri wake juu. Miaka 40 au 50 umeitoa wapi?

Freti_ya_Saba
Sawa. Hapa nyumbani kuna piano ya kusimama. Haipigwi, baadhi ya vitufe vimezama. Nimesoma kwamba ubao wake wa sauti, ule mpana ulio nyuma ya nyuzi, ni sprusi safi, pete wima, imekauka kabisa. Sasa kwa nini niende kupekua mbao za paa wakati mali inakaa tu na vumbi?

Mzee wa Maranda
Uliyosoma ni kweli, ila kusoma hakukati mbao. Ubao huo una unene wa milimita 8 hadi 10 hivi, nawe unataka uso wa milimita 3 au pungufu. Umeunganishwa kwa vipande vyembamba ubavu kwa ubavu, kwa hiyo uso wako utakuwa wa vipande vinne au zaidi. Nyuma una mataruma, vijiti vya kuuimarisha vilivyogandishwa kwa gundi, na ukizeeka hupasuka. Na si kila piano ina sprusi nzima, za bei ya chini nyingi zina plaiwudi. Tazama kabla hujashika chombo.

Mama Patasi
Piano ni ya nani?

Freti_ya_Saba
Ya familia.

Mama Patasi
Familia si mtu. Ya nani?

Freti_ya_Saba
Ya dada yangu mkubwa. Amesafiri kikazi, akaniachia. Maneno yake yalikuwa "iangalie". Nimeiangalia miezi minane. Angekuwa anaihitaji angeuliza habari zake, hajauliza hata mara moja. Nikimwonyesha gitaa lililotoka humo atafurahi, namjua. Na nimeshaanza, jana jioni ubao nimeutoa nusu, kwa hiyo tusirudi nyuma. Nishaurini namna ya kumalizia salama.

Bwana Kimya
Mimi si wa mbao, nimepita tu. Kaka yangu aliniachia baiskeli, naye alisema "iangalie". Nikabadilisha breki, nikabadilisha usukani, nikaipaka rangi, mwisho nikaibadilisha yote kwa redio. Hiyo ni miaka 19 iliyopita. Tukikutana leo anaulizia baiskeli kwanza, watoto wangu baadaye.

Nati Legevu
Wakuu, tunafungwa kamba hapa na hamuoni. Ubao wa sauti unatokaje "nusu"? Piano ina nyuzi zaidi ya 200, mvuto wake kwa pamoja unapita tani 10. Mbele ya ubao kuna fremu ya chuma ambayo mtu mmoja hainyanyui. Ubao wenyewe umegandishwa kwa gundi ukingo mzima. Halafu mtu aliyetuambia hana hata klempu moja anautoa nusu jioni moja, baada ya kazi? Hakuna piano, hakuna dada. Weka picha.

Sita kwa Sita
Gitaa bado halina nyuzi, sisi kamba tayari.

Mpiga Besi
Angeunda la umeme haya yote yasingetokea.

Freti_ya_Saba
Si kamba jamani. "Nusu" nilikosea kusema. Nilifungua ubao wa mbele wa juu, nikalegeza nyuzi 11 za upande wa sauti nyembamba, kwa spana. Ya 12 ilitoa mlio kama mlango wa zamani, mkono ukaanza kutetemeka, nikarudisha ubao. Picha siwezi kuweka, dada yumo humu jukwaani.

Nati Legevu
Dada yumo humu! Na picha ingekuwepo, simu ingeanguka majini.

Mama Patasi
Mimi namwamini. Anayetunga angetunga kitu cha kumpendezesha kuliko hiki.

Mzee wa Maranda
Iwe kweli au kamba, kuna msomaji mwingine ameketi karibu na piano, kwa hiyo nasema. Nyuzi za piano hulegezwa kidogokidogo kote, duru baada ya duru. Ukiachia upande mmoja, upande wa pili unaendelea kuvuta, na fremu ya chuma inaweza kupasuka. Uzi ukikatika usoni hauulizi kama wewe ni mwanafunzi. Weka spana chini.

Chukua tochi, zunguka nyuma, tafuta tundu la skrubu au ukingo uliochubuka kwenye ubao. Mulika kwa upande. Tuambie unaona nini.

Freti_ya_Saba
Nimetoka kutazama. Chini kushoto kuna tundu. Nimemulika, nikalipangusa kwa kijiti. Kuna mistari. Tabaka tatu, la nje mishipa yake inakwenda huku, la kati inakatiza.

Mama Patasi
Plaiwudi.

Sita kwa Sita
Miezi minane anaiangalia.

Freti_ya_Saba
Cheka tu mkuu. Mzee, ile plaiwudi ya kununua, mbavu zake zinakunjwaje bila kuvunjika?

Mzee wa Maranda
Kata mbavu ili mishipa ya tabaka za nje ikatize upana wa ubavu, isiende na urefu. Hapo inakunjika. Usiiloweke, tabaka zitaachana, ipanguse tu kwa kitambaa chenye maji. Bomba la chuma, moto ndani, tone la maji likidondoka juu yake liruke. Sukuma taratibu, usikie mbao inalegea mkononi ndipo uifuate. Kiunoni ndiko zinakovunjikia, kwa hiyo kata mbavu nne, si mbili.

Freti_ya_Saba
Nashukuru sana mzee. Kesho naenda kwenye rundo la mbao. Na zile nyuzi 11, zinarudishwaje? Dada anarudi Ijumaa.

Sita kwa Sita
Hizo zifungulie uzi mwingine.

Nati Legevu
Wenye picha.