Presha ya mzee imegoma kushuka, nimwongezee dawa ipi?

Kijana wa Soni
Habari za jioni wakuu. Mzee wangu ana miaka 71, yuko Lushoto, mimi natafuta maisha Dar. Ana presha tangu 2019. Anakunywa losatani ya 50 yenye H (ile dawa ya kukojoza, kwenye kidonge kimoja) pamoja na amlodipini ya 5, na miaka yote ilikuwa inacheza kwenye 130 na kitu. Tangu mwezi wa nne imegoma. Mjukuu anayempima kwa mashine ya digitali ananipa namba kila jioni kwa simu: 160/90, 165/95, 170/100, jana 160/95. Tena analalamika kizunguzungu akiamka usiku kwenda kujisaidia. Wiki iliyopita aliyumba akadaka fremu ya mlango.

Swali langu ni moja tu. Kumwongezea amlodipini iwe 10 na kumbadilishia losatani, kipi kinashusha haraka? Ijumaa natuma mzigo kwa basi. Nina hofu kweli, naombeni msinitukane.

Fundi Vipimo
Pole mkuu. Kabla hujagusa dawa, hizo namba zinapatikanaje? Mzee akojoe kwanza, maana kibofu kikijaa presha hupanda. Akae kwenye kiti chenye egemeo dakika 5 bila kuzungumza, nyayo zote chini, asikunje nne. Mkono uwe mezani, mkanda usawa wa moyo, juu ya ngozi na si juu ya sweta. Najua Lushoto baridi, lakini sweta lililokunjwa likabana mkono linaharibu kipimo. Nusu saa kabla yake asinywe chai wala kahawa, asivute sigara, asitoke kupanda mlima.

Apimwe mara 2, katikati dakika 1, asubuhi kabla ya dawa na jioni, siku 7. Siku ya kwanza mnaitupa, zilizobaki mnatafuta wastani. Nyumbani kikomo ni 135/85, siyo 140/90 ya hospitali. Na mchukue futi ya fundi cherehani mpime mkono katikati ya bega na kiwiko, mlinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda. Mkanda mdogo kwa mkono huo unapandisha namba, mkubwa unashusha.

Babu Kanzu
Nyote mnaongelea presha, mimi nimesikia "kuamka usiku". Anaamka mara ngapi? Mwanaume wa miaka 71 anayeamka mara 3 au 4, mkojo unatoka kwa kusuasua na mwishoni unadondoka matone, huyo achunguzwe tezi dume. Kipimo cha damu cha PSA kisichukuliwe akiwa na maambukizi ya mkojo, kwa sababu kitapanda bila saratani yoyote. Siku 2 kabla yake asiendeshe baiskeli na asikutane na mkewe. PSA kubwa peke yake haisemi ni saratani, ndiyo maana daktari anapima na kwa kidole. Akipata mafua asinunuliwe piriton kiholela, mkojo unaweza kuziba kabisa ikabidi awekewe mpira.

Bi Saumu
Mwanangu, mzazi hatibiwi kwa simu na vifurushi vya basi. Nenda ukamshike mkono. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya kutibiwa bila malipo, sera ya afya ya 2007 imeandika hivyo. Kama hana kitambulisho cha mzee, aanzie ofisi ya kijiji apate barua, kisha aende kwa afisa ustawi wa jamii hospitali ya wilaya. Na mwulize kama kuna dirisha la wazee, asisimame foleni ndefu na magoti ya uzeeni.

Kijana wa Soni
Nashukuru mama, lakini fedha siyo tatizo. Naomba turudi kwenye dawa. 10 ya amlodipini ipo sana tu madukani.

Nesi wa Zamu
Kijana, presha iliyotulia miaka mingi haipandi bila sababu. Mzee anakunywa nini kingine? Nataka kila kitu kinachopita mdomoni: dawa ya duka, mitishamba, unga wa kuongeza nguvu, dawa ya mafua. Na hiyo ya H anaimeza saa ngapi?

Kijana wa Soni
Hakuna dawa nyingine ya presha. Zote anameza usiku akienda kulala, ili asisahau.

Nesi wa Zamu
Sikuuliza ya presha. Nimeuliza kila kitu.

Kijana wa Soni
Sawa. Kuna diklofenaki ya 50, asubuhi na jioni. Ni ya magoti. Nilimtumia mimi mwenyewe mwisho wa mwezi wa tatu, boksi la vidonge 100. Lakini naomba mnielewe wakuu, mzee alikuwa hawezi hata kupanda kwenda msikitini, anasali amekaa kwenye kigoda. Sasa anatembea. Siwezi kumrudisha kwenye maumivu kwa ajili ya namba za mashine. Hata amlodipini ya 10 nimeshainunua, boksi liko hapa mezani, ndiyo maana nauliza mapema.

Nesi wa Zamu
Ndicho nilichokuwa natafuta. Sikulaumu, maumivu ya goti yanamfungia mtu ndani na kukaa ndani nako kunamzeesha. Ila sikiliza inavyofanya kazi.

Diklofenaki na ndugu zake kama ibuprofeni huzuia kemikali zinazoleta maumivu. Kemikali hizohizo ndizo zinazopanua mishipa inayoingiza damu kwenye figo. Zikizuiwa, figo inabana chumvi na maji, presha inapanda, na nguvu ya losatani inapungua. Sasa mzee ana vitu 3 kwa mpigo: losatani inalegeza mlango wa kutokea damu kwenye figo, H inapunguza maji mwilini, diklofenaki inabana mlango wa kuingilia. Figo ya miaka 71 inabaki bila msukumo. Mseto huo ndio unaoharibu figo za wazee kimyakimya. Potasiamu nayo inaweza kupanda ikasumbua moyo, na tumbo linaweza kuchimbika vidonda vikavuja damu bila kuuma. Mwulize leo hii kama choo ni cheusi cha kunata kama lami. Kama ndiyo, ni hospitali usiku huuhuu.

Diklofenaki aache leo. Hakuna haja ya kupunguza kidogokidogo. Losatani na amlodipini zake aendelee nazo kama zilivyo. Kesho kutwa hospitali ya wilaya waombe kreatinini (kipimo cha damu cha figo), potasiamu, mkojo na sukari ya kufunga, akae saa 8 bila kula kabla ya kipimo, maji anywe. Kreatinini msiambiwe tu "iko kawaida". Kreatinini ya 110 kwa kijana wa kiume wa miaka 30 ni figo inayochuja karibu mililita 80 kwa dakika, kwa mzee wa 71 namba hiyohiyo ni karibu 62. Daktari aikokotoe na umri.

Shahidi
Samahani wakuu, mimi nina shaka na huu uzi. Angalieni namba zake: 160/90, 165/95, 170/100, 160/95. Zote zinaishia na 0 au 5. Mashine ya digitali haitoi hivyo siku 4 mfululizo, ingetoa 163, 158, 171. Mwingine anatunga mgonjwa, anaacha watu waelimishe, kesho analeta namba ya simu ya dawa ya asili inayomaliza presha na magoti kwa wiki 2. Watu wanaacha dawa zao kwa nyuzi kama hizi na wanapooza upande mmoja. Leta ushahidi au moderata afunge.

Bi Saumu
Kijana, kama ni uongo ujue umechezea roho za watu.

Kijana wa Soni
Wallahi si uongo na siuzi kitu. Nimempigia mjukuu sasa hivi, kakiri: anasoma kwenye mashine, akifika kuandika daftarini anazungusha, anasema ndivyo nesi wa zahanati alivyokuwa akimwandikia babu kwenye kadi. Na anampima babu akitoka tu shambani.

Fundi Vipimo
Shahidi ameuliza swali zuri kuliko sisi wote. Hao wanaosoma mshale au zebaki ndio huzungusha, digitali haina sababu. Mkuu, mashine nyingi za mkono zina kitufe cha M. Mwambie abonyeze, zitarudi namba za nyuma na tarehe zake. Azisome kama zilivyo, na za mwezi wa tatu pia.

Kijana wa Soni
Kazisoma mpaka salio likaisha. Machi: 134/79, 138/81, 131/77, 136/80. Mzigo ulifika tarehe 30 Machi. Aprili 9: 149/86. Aprili 16: 157/91. Mei: 163/94, 159/93, 168/97. Choo ni cha kawaida, nimemwuliza mwenyewe.

Nimeziandika kwenye karatasi, karatasi iko mbele yangu. Ni mimi.

Shahidi
Naomba radhi. Namba hizo hazijatungwa.

Nesi wa Zamu
Ulitaka atembee, na hilo bado linawezekana. Panadol ya mg 500, vidonge 2 mara 3 kwa siku, katikati zisipungue saa 6, na asichanganye na dawa ya mafua kwa sababu nyingi zina panadol ndani. Taulo la maji ya moto juu ya goti dakika 15. Zoezi: akae kwenye kiti, anyooshe mguu mpaka goti lilale sawa, ahesabu 5, ashushe polepole, mara 10 kila mguu, asubuhi na jioni. Ndani ya wiki kadhaa msuli wa paja unaanza kulibeba goti. Jeli ya kupaka mwulizeni daktari baada ya majibu ya figo.

Sasa kizunguzungu. Fundi, mpe kile kipimo cha kusimama.

Fundi Vipimo
Alale chali dakika 5, mpime akiwa amelala. Asimame, mtu mzima awe ubavuni kwake, mkanda usitolewe. Mpime dakika ya 1 na dakika ya 3. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, presha yake inaanguka akisimama. Macho yakiingia giza mkalishe, usingoje dakika ya 3.

Kijana wa Soni
Kafanya asubuhi hii, jirani akiwa amemshika. Amelala 152/86. Dakika ya 1: 129/78. Dakika ya 3: 127/77, na akasema "naona kama moshi".

Fundi Vipimo
Imeshuka 25. Hapo ndipo fremu ya mlango ilipomwokoa. Ungeongeza amlodipini iwe 10, namba ya kukaa ingependeza na usiku angeanguka.

Babu Kanzu
Na H anaimeza usiku. Dawa ya kukojoza inamwamsha, kila mara anasimama ghafla gizani. Tezi dume achunguzwe, silirudishi hilo, lakini tuanze na saa.

Nesi wa Zamu
Kweli. Ya H aimeze asubuhi baada ya chai, na daktari aambiwe imehamishwa. Akiamka usiku akae ukingoni mwa kitanda, achezeshe nyayo juu chini mara 20, ndipo asimame. Ndoo iwe karibu, tochi chini ya mto. Siku akiharisha au kutapika sana, losatani yenye H asiimeze, aende kituo siku hiyohiyo. Presha ikifika 180/120 na kifua kinauma, mdomo umepinda au mkono umelegea, msipime tena, kimbieni.

Baada ya kuacha diklofenaki mpeni wiki 2, mpime ile ya siku 7, daktari aamue na namba mkononi.

Kijana wa Soni
Sitatuma mzigo. Naondoka Alhamisi na basi la asubuhi, Ijumaa tunaingia hospitali. Nabeba maboksi yake yote matupu, na hilo la diklofenaki, na karatasi ya namba. Nataka nimpelekee na bakora, ile aliyonayo aliichonga mwenyewe na inamfika kifuani. Inapimwaje?

Fundi Vipimo
Asimame wima na viatu anavyotembelea, mikono ining'inie. Kishikio kiishie kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Aishike mkono wa upande wa goti zima, isonge mbele pamoja na mguu mbovu. Chini ivishwe mpira. Njia za Lushoto zikilowa, mti mtupu unateleza.