Naombeni ushauri: nianze na mkusanyiko wa John Denver wa 1973 au albamu zake moja moja?

GitaaKavu (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari zenu. Nataka kumsikiliza John Denver, yule mwimbaji wa Marekani, kwa utaratibu. Kila ukiuliza unaambiwa anza na *John Denver's Greatest Hits* ya 1973, lakini wapo wanaosema mikusanyiko ya aina hii ni kuuziwa mara ya pili nyimbo zilezile. Naombeni kufahamishwa: mvuto wake hasa uko wapi? Santuri ya mtumba nikague nini? Na kwa mtu mwenye sauti nzito anayejifunza gitaa, aanze na wimbo upi?

SanturiKuukuu
Mkuu, kwa mikusanyiko mingi hao jamaa wana haki. Kwa huu hapana. Denver hakuokoteza tu rekodi za zamani, baadhi ya nyimbo alizirekodi upya kwa sababu alikuwa amezizoea jukwaani na aliona sasa anaziimba vizuri zaidi. Chukua *Leaving on a Jet Plane*. Aliurekodi 1966 kwa gharama zake mwenyewe, ukiitwa *Babe, I Hate to Go*. Milt Okun, mtayarishaji, akashauri jina libadilishwe. Kundi la Peter, Paul and Mary likaufikisha nambari 1 Marekani mwaka 1969, na mwaka huohuo Denver akautoa kwenye albamu ya *Rhymes & Reasons*. Unaousikia kwenye mkusanyiko ni mwingine tena. Weka wa 1969 na wa 1973 mmoja baada ya mwingine. Huu wa pili sauti imetulia, haina haraka ya kukushawishi.

Ndiyo maana nyimbo 11 za miaka tofauti zinasikika kama albamu moja iliyopangwa. Gitaa liko mbele, maneno yanasikika yote, fidla zinakaa nyuma. *Sunshine on My Shoulders* ulikuwa umejificha kwenye albamu ya 1971, ukaja kushika nambari 1 mwaka 1974, baada ya mkusanyiko kutoka.

Ila ujue usichokipata humo: *Annie's Song* haumo, ni wa 1974. *Thank God I'm a Country Boy* nao haumo. Hizo utazikuta juzuu ya pili ya 1977. Wengi hununua ya kwanza kisha wanalalamika kuwa wamepunjwa.

Kapo2
Hapo kwenye kununua, angalizo kwa wanaosikiliza mtandaoni: Denver alirekodi vibao vyake upya mara nyingine baadaye, mfano *Earth Songs* ya 1990, na rekodi za maonyesho nazo ni nyingi. Ukiona mkusanyiko wenye kava ya bei rahisi na jina la jumla jumla, tafuta mwaka wa kurekodiwa na kama kuna jina RCA, kampuni iliyotoa santuri zake za miaka ile. Mwaka wa kutolewa peke yake haukusaidii.

SanturiKuukuu
Kweli kabisa. Kuhusu santuri ya mtumba: RCA wa miaka ile walitumia plastiki nyembamba waliyoiita Dynaflex. Ukiishika inanepa, usiogope, si kasoro. Igeuzegeuze chini ya taa ukiishika kwenye ukingo. Mkwaruzo usiosikika ukipitisha ukucha mara nyingi hausumbui, ule unaokwaza ukucha utakurushia sindano.

Jaribu kwanza wimbo wa mwisho wa kila upande. Karibu na katikati, mfereji unapita chini ya sindano kwa mwendo mdogo kuliko ukingoni, kwa hiyo mawimbi ya sauti yamebanana, na sindano iliyochoka huharibu huko kabla ya kwingine. Bahati mbaya upande A unamalizika na *Leaving on a Jet Plane*, upande B na *Rocky Mountain High*, vibao viwili ambavyo watu walivirudia sana. Sikiliza herufi "s". Ikitoka kama mafuta yanayokaanga, iache.

Kapo2
Kwenye gitaa anza na huohuo *Leaving on a Jet Plane*. G, C na D tu, ubeti na kiitikio vinatembea juu ya kodi hizo tatu (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja). *Take Me Home, Country Roads* ndio ufuate: rekodi iko kwenye ufunguo wa A, kwa hiyo shika maumbo ya vidole ya G na uweke kapo (kibanio cha kubana nyuzi zote) freti ya 2, yaani chuma cha pili cha shingo ya gitaa. Kodi ni G, Em, D, C, kisha F kwenye daraja, yaani kile kipande cha wimbo kisicho ubeti wala kiitikio.

Hiyo F ndiyo inayokwamisha watu. Iko mstari wa tatu wa daraja, baada ya Em na kabla ya C. Haimo kwenye skeli ya G, ndiyo sababu pale wimbo unafunguka ghafla. Ukikimbilia D kwa kukwepa kubana nyuzi zote sita, umeua daraja. Piga F ya umbo dogo, kwa zile nyuzi nne nyembamba tu, inatosha.

Kwa sauti nzito, ondoa kapo kwanza. Bado juu? Shika maumbo ya D (D, Bm, A, G, na C pale penye F) na kapo freti ya 3. Utakuwa kwenye F, yaani nusu-tani nne (hatua za freti nne) chini ya rekodi.

GitaaKavu
Shukrani wakuu. Na *Rocky Mountain High*? Kodi nazishika sawa lakini haufanani kabisa na rekodi.

Kapo2
Kwa sababu uzi wa sita unashushwa kutoka E hadi D, halafu kapo freti ya 2. Tuni kwanza bila kapo, weka kapo, kagua tena, maana kapo huvuta nyuzi zikapanda kidogo. Uzi uliolegea ukiupiga kwa nguvu utagonga freti, gusa tu kwa dole gumba. Na ukifika G usibonyeze uzi wa sita freti ya 3 kama ulivyozoea, noti ya G sasa imehamia freti ya 5 ukihesabu kutoka kwenye kapo. Kama kidole hakifiki, uruke uzi huo uanzie wa tano.