Mtoto hasikii, tumuanzishe lugha ya alama au tusubiri aongee?

MamaWaMbagala
Habari za jioni ndugu zangu, naomba ushauri kwa aliyepitia. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi minne, alipokuwa na miezi kumi alilazwa na homa ya uti wa mgongo, tukashukuru Mungu akapona, ila toka turudi nyumbani ukimwita hageuki, hata mlango ubamizwe vipi yeye anaendelea na mchezo wake. Mama mkwe akawa anasema baba yake naye alichelewa kuongea, mara ulimi umeshikwa chini akakatwe, basi mwaka mzima ukapita hivyo hivyo. Mwezi uliopita ndo kapimwa, kile kipimo cha kumbandika waya kichwani akiwa amelala, jibu likaja masikio yote mawili, anachosikia ni kidogo sana. Tumeambiwa tuanze na vifaa vya kusikia. Sasa jirani ananiambia nisithubutu kumfundisha alama, eti atazoea mikono na kuongea hatoongea tena. Nifanyeje? Usiku anaamka analia, sijui anataka nini na yeye hawezi kuniambia, tunabaki tunalia wote wawili.

Mama_wa_Watatu
Pole mama, nimesoma nikajiona mwenyewe. Wangu sasa ana miaka tisa. Na mimi niliambiwa hayo hayo, alama zitamfanya mvivu wa kuongea, nikamnyima alama mpaka miaka mitano tukawa tunamkazania tu aangalie midomo. Hebu simama mbele ya kioo useme "baba" halafu "mama" bila kutoa sauti, uone kama utaona tofauti. Ndicho nilichokuwa namlazimisha mwanangu. Alipoanza alama haikupita miezi mitatu, asubuhi moja akaja kuniambia ameota mbwa anamkimbiza. Miaka mitano yote sikuwa najua kama mwanangu anaota.

Vifaa mvalishe, hamna ugomvi kati ya kifaa na alama. Ila ujue kile kiplastiki kinachoingia sikioni kinapimwa upya kila akikua, kikianza kupiga mluzi mara nyingi ujue kimeshalegea. Na betri ukishabandua ile stika inaanza kuisha hata kama hajavaa, kwahiyo usibandue mapema. Halafu zifiche mbali kabisa, mtoto akimeza betri hata kama hajalia kimbia hospitali saa hiyo hiyo, inaunguza ndani.

NesiMstaafu
Mama, naongezea moja tu kwa sababu umetaja uti wa mgongo. Ugonjwa huo ukishapita sikio la ndani linaweza kuanza kuota mfupa na kujiziba, na likiziba kile kifaa kinachopandikizwa kwa upasuaji inakuwa vigumu kukiweka. Muhimbili wanapandikiza toka 2017. Ni gharama kubwa na si kila mtoto anafaa, na hata akifaa anahitaji mazoezi ya muda mrefu, lakini muulize daktari wa masikio WIKI HII, usisubiri kliniki ijayo. Alama usiziache hata mkipata hiyo nafasi, ubongo wa mtoto unataka lugha sasa hivi, upasuaji unaweza kuchelewa na yeye akili yake haisimami kusubiri.

Kiziwi_wa_Magharibi
Mimi ni kiziwi, nina miaka 31. Nilisoma Tabora, shule ya viziwi iliyofunguliwa 1963. Kule bweni nilikuwa na maneno, nikifunga shule nafika nyumbani sina. Watu wanakula wanacheka, namgusa kaka namuuliza nini, ananiambia baadaye. Baadaye haiji, wameshahamia stori nyingine. Bibi yangu alinipenda sana, kila likizo ananiwekea karanga kwenye kikopo, amefariki 2016 na hatujawahi kuongea hata sentensi moja iliyokamilika. Mimi sikukosa upendo, nilikosa mtu wa kuongea naye.

Kwahiyo usijifunze wewe peke yako mama. Baba ajifunze, dada wa kazi ajifunze, watoto wa jirani anaocheza nao wajifunze, watashika haraka kuliko nyie. Nendeni CHAVITA, yaani Chama cha Viziwi Tanzania, muulize wapi wanafundisha, na mpelekeni mtoto akae na viziwi watu wazima awaone wanafanya kazi, wana familia, wanabishana mpira. Watampa na jina lake la alama. Na nyumbani mtu asimwite bubu, hata kwa utani.

MamaWaMbagala
Asanteni, nimesoma mara tatu. Daktari nimeshampigia, tunaenda Alhamisi. Baba yake kakubali kwenda kujifunza ila anasema ana vidole vigumu, nimemwambia tutaenda navyo hivyo hivyo.

Mama mkwe nilimsomea hii ya bibi na karanga. Hakusema kitu, akaingia chumbani. Baada ya swala ya isha akatoka akaniuliza alama ya "bibi" inafanywaje, nimeshindwa kumjibu. Kiziwi wa Magharibi, tafadhali nielekeze, kakaa hapa pembeni anasubiri.