Pontiac GTO ya 1968 inapigwa mnada Jumamosi, naikaguaje?

Mtoto wa Ilala: Wakuu, salaam. Nipo Texas mwaka wa kumi sasa, na ugonjwa wangu ni magari ya kizamani ya Kimarekani. Jumamosi inapigwa mnada GTO ya 1968, nyekundu, injini ya inchi za ujazo 400, gia ya mkono, rangi inang'aa mpaka unajiona meno. Kukagua ni Ijumaa. Nina dola 40,000, na shemeji yenu hajui bado. Nianzie wapi, na nisivuke bei gani?

Fundi Bodi: Mkuu, rangi iache. Beba sumaku ndogo, ifunge kitambaa isikwaruze, pitisha kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na chini ya milango. Isiponata, hapo si chuma, pamezibwa kwa puti. Fungua buti, nyanyua kapeti, papasa kona zilizo chini ya kioo cha nyuma. Kama paa limevikwa vinili, kutu hupenda kulala hapo.

Mama Gia: Kabla ya sumaku, soma namba ya chesisi kupitia kioo cha mbele, upande wa dereva. GTO halisi ya mwaka huo inaanza na 242. Ikianza na 237 ni LeMans, Pontiac ya kawaida ya bei ya chini, iliyobandikwa nembo za GTO, na nembo zinauzwa kama vitenge. Kuanzia 1968 sehemu ya namba hiyo iligongwa pia kwenye bloku ya injini. Zikilingana, bei inapanda. Pontiac Historic Services wanatoa nakala ya ankara ya kiwandani kwa malipo. Muulize muuzaji kama anayo.

Kuhusu bei: mnunuzi hutozwa kamisheni, mara nyingi 10%. Nyundo ikigonga 40,000 unatoa 44,000, bado kodi ya Texas 6.25%, bado kulibeba. Kwa mfuko wako ishia 33,000.

Mtoto wa Ilala: Nimerudi. Tao la kulia sumaku imedondoka mara mbili. Namba nimeisoma mara tatu kwa tochi ya simu: 23737...

Mama Gia: Pole, hiyo LeMans. Si gari baya, la kuendesha Jumapili linakufaa kabisa, ila hela ya GTO usitoe. Kwenye katalogi wameandikaje?

Mtoto wa Ilala: GTO, kwa herufi kubwa. Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: "imetengenezwa kwa mtindo wa GTO". Kesho naenda kutazama tu. Kadi ya benki namwachia shemeji yenu.