Hip hop ina bethidei kweli, au tumeamua tu iwe 11 Agosti?

MLETA MADA
Wakuu, kila Agosti ikifika picha za DJ Kool Herc zinasambaa na maneno "leo hip hop imezaliwa". Mwaka 2023 ilipotimia 50 wakajaza uwanja wa Yankee kule Bronx, New York, na Seneti ya Marekani ilishaipitisha tangu 2021 kuwa siku ya kuadhimisha hip hop. Swali langu: muziki unazaliwaje usiku mmoja?

Kwa asiyekijua kisa: ni 11 Agosti 1973, chumba cha burudani cha jengo namba 1520, Sedgwick Avenue, Bronx. Binti mmoja, Cindy Campbell, anatafuta hela ya nguo za kufungulia shule. Anaandaa pati. Kadi za mwaliko zimeandikwa kwa mkono, kiingilio senti 25 kwa wasichana, 50 kwa wavulana. Kaka yake Clive, miaka 18, ndiye anayepiga santuri. Clive ndiye Herc. Watu walikuja kucheza, hakuna aliyekuja kushuhudia kuzaliwa kwa kitu.

Isitoshe, kule Jamaika alikozaliwa Herc, U-Roy alishatamba tangu 1970 kwa kuchana juu ya midundo iliyorekodiwa na wenzake. Mimi nasema tarehe hii imebandikwa. Nipingeni.

MCHANGIAJI WA 1
Nakupinga nusu, mkuu. U-Roy ana heshima yake, lakini Herc alikuwa na jicho jingine. Aliwatazama wachezaji akaona wanasubiri kile kipande ambacho waimbaji wananyamaza, zinabaki ngoma na besi. Kinadumu sekunde chache tu, kisha wimbo unarudi na raha inakata. Akachukua nakala mbili za santuri ileile, ya James Brown kwa mfano. Ya kwanza ikimaliza kipande anaachia ya pili, huku ya kwanza anairudisha mwanzo wa kipande. Sekunde zikawa dakika. Hapo ndipo wachezaji walipopata uwanja wao, na wenye maikrofoni wakapata nafasi ya kufoka.

MLETA MADA
Umenisaidia mwenyewe. Kama kiini ni mbinu hiyo, mbinu haikukamilika usiku mmoja. Afadhali tuhesabu kuanzia 1979, "Rapper's Delight" ya Sugarhill Gang, santuri ya rap iliyovuma kwanza, ilipotoka. Angalau santuri ipo, unaishika mkononi.

MCHANGIAJI WA 2
Mleta mada, hapo kwenye "unaishika mkononi" ndipo penye kesi yote. Tazama walivyofanya kwa jazi. Tarehe inayotajwa ni 26 Februari 1917, kwa sababu siku hiyo bendi ya Wazungu watupu kutoka New Orleans ilirekodi New York, ikawa santuri ya kwanza ya jazi. Buddy Bolden, mpiga tarumbeta Mweusi aliyekuwa anaitikisa New Orleans miaka kumi na zaidi kabla ya hapo, hana hata rekodi moja inayosikika leo. Kwa hiyo hana maadhimisho.

Rock nayo hivyo hivyo. Mwaka 2004 mji wa Memphis, Marekani, ulisherehekea miaka 50 kwa kuhesabu kuanzia 5 Julai 1954, siku Elvis aliporekodi "That's All Right" studio kwa Sam Phillips. Sasa cheka kidogo: "Rocket 88", ambayo wengi wanaitaja kuwa rock ya kwanza, ilirekodiwa Machi 1951 na vijana Weusi wa kundi la Ike Turner, kwa Sam Phillips huyo huyo, jengo hilo hilo! Inasimuliwa kwamba amplifaya ya gitaa iliharibika njiani, wakaijaza makaratasi, ndipo ukatoka ule mkwaruzo wa sauti. Sherehe iliiruka miaka mitatu.

Ukienda na 1979 unarudia mchezo uleule. Unampa bethidei aliyefika studio kwanza, na waliocheza miaka sita kwenye vyumba vya chini na viwanja vya Bronx wanafutika. Kwa mara moja kadi ya mkono imeishinda santuri, nawe unataka kuirudisha santuri?

Tatizo langu mimi ni jina. Mwenye pati alikuwa Cindy. Wazo lake, kiingilio chake. Herc alialikwa na dada yake kama DJ yeyote. Mbona picha zinazosambaa Agosti ni za kaka peke yake?

MCHANGIAJI WA 3
Mnagombania tarehe, na huyo kaka mwenyewe alisubirishwa. Grandmaster Flash, DJ mwingine wa Bronx, na wenzake waliingizwa Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki kule Marekani, 2007, hip hop ya kwanza kuingia. Herc, aliyewatangulia, ameingizwa 2023. Waandaaji walikumbuka keki ilipokuwa tayari mezani.

MLETA MADA
Hoja ya Bolden imenikaa vibaya, nakiri. Ya 1979 naiondoa. Lakini neno "kuzaliwa" bado silikubali, maana ukilikubali Jamaika inafutika kama Bolden. Tuseme pati ya Cindy, imetimia miaka kadhaa, basi. Mwenye tarehe ya zamani zaidi ya hiyo ailete, na aje na kadi yake.